Siku Sifuri Alipopuliza

Jina la Sifuri alipewa na madereva wenyewe. Yeye ndiye msimamizi wao, na kila asubuhi, kabla basi hata moja halijatoka yadini, aliwapulizisha kipima ulevi mmoja mmoja. Alianza na yeye mwenyewe, mbele ya wote. Alivuta pumzi, akapuliza kwa mbwembwe, akainua kile kidude juu na kutangaza, "Sifuri!" Madereva walishazoea kumcheka.

Jumatatu hiyo alipuliza, akainua kidude, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Kioo kilisema nukta sita. Kwa nukta mbili tu alikuwa amewahi kumrudisha mtu nyumbani, tena kwa matusi.

"Mashine hii imeharibika," alisema.

"Lete nikujaribie, mkubwa," alidakia dereva wa zamu ya kwanza.

Akapuliza: sifuri. Fundi wa matairi naye akapuliza: sifuri. Msimamizi akarudia. Nukta sita, palepale, haibanduki. Hakuna aliyecheka, na bora wangecheka.

Jana mdogo wake wa kike alikuwa akiolewa, na kaka mtu alikunywa hasa, hilo hakatai. Lakini si alilala? Si aliamka akaoga maji baridi, akanywa kahawa chungu vikombe viwili? Kichwa kilikuwa chepesi, miguu imara. Mke wake, ambaye ni muuguzi, alikuwa amejaribu kumzuia mlangoni asubuhi hiyo. "Mume wangu, ini halijui kama umeoga. Linaondoa pombe kwa mwendo wake, polepole. Kahawa inakufumbua macho tu, pombe bado imo kwenye damu." Naye akamjibu kwamba mambo ya ulevi anayajua yeye, ndiyo kazi yake. Mjuaji hakosi jibu, bwana!

Ndipo akakumbuka yaliyotokea njiani. Alikuwa amempeleka binti yao shuleni kwa gari. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, penye taa za barabarani karibu na shule, mama mmoja aliruka pembeni ghafla, mkoba wake ukaanguka barabarani. Sifuri alipiga honi na kumtukana. Binti, mtoto wa miaka minane, akasema kutoka kiti cha nyuma, "Baba, taa ilikuwa nyekundu."

"Ilikuwa ya njano, mama," alimjibu. "Wewe hujui kuendesha."

Angeweza kuapa kwamba ilikuwa ya njano. Sasa, kidude mkononi, hakuwa na hakika hata kama aliiona taa yenyewe. Wala sura ya yule mama hakuikumbuka, ila mkoba tu, chini, karibu kabisa na tairi. Akakaa kwenye ngazi ya basi mbele ya watu wake.

"Niandike," alimwambia dereva wa zamu ya kwanza, akimpa daftari la vipimo na funguo za gari lake. "Nukta sita. Halafu nirudishe nyumbani kama ninavyowarudisha ninyi."

Mchana alimfuata binti yake shuleni kwa miguu.

"Gari liko wapi, baba?"

"Nimeliacha kazini." Alichuchumaa mbele yake. "Mama, ile taa ya asubuhi. Ilikuwa nyekundu."

"Najua," alisema binti, akimpa begi ambebee. "Mimi nilifumba macho."