Gramu Mia Saba Arobaini

Saa nne kasorobo, Jumanne asubuhi, Esinam Agbeko alimaliza kuchora jedwali la kulinganisha laptopu tatu ambazo zilikuwa bado hazijatoka. Alilichora kwa rula na wino mweusi kwenye karatasi pana, kwa sababu Bwana Laryea, mkuu wa ofisi, hakupenda kusoma mambo mazito kwenye kioo cha kompyuta. Kulikuwa na safu ya uzito, safu ya unene, safu ya saa ambazo betri ingedumu bila kuchajiwa, na safu ya urefu ambao mashine ingeweza kuanguka bila kuvunjika. Iliyotangulia ilikuwa ya Kijapani, ikafuata ya Kitaiwani, kisha ya Kimarekani. Zote tatu zingeingia sokoni mwezi Machi wa mwaka uliofuata. Wakati huo ilikuwa Julai.

Kampuni yao ilikagua shehena katika bandari ya Tema. Wakaguzi kumi na wawili walipanda meli za ngano, za mchele na za saruji, wakasoma alama za kina cha maji zilizochorwa ubavuni mwa meli, wakapiga hesabu ya mzigo na kuandika ripoti hapo hapo juu ya sitaha. Laptopu ilipanda ngazi ya kamba mgongoni mwa mtu, na bega lilijua kila gramu yake. Zile za zamani zilikaribia kilo tatu. Esinam alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na bega lake la kulia lilikuwa limeshuka chini ya lile la kushoto. Fundi wake wa nguo alilijua hilo bila kuambiwa.

Kanuni ya kampuni ilisema laptopu hukabidhiwa mwajiriwa wa kudumu. Wakaguzi saba walikuwa na barua ya ajira ya kudumu, na kila mmoja alikuwa na laptopu yake. Watano waliobaki walikuwa wa mkataba. Hao walitia saini kila asubuhi, wakachukua moja kabatini na kuirudisha jioni. Esinam alikuwa ametia saini kwenye kabati hilo kwa miaka tisa. Mara tatu Bwana Laryea alikuwa amemwita, akafunga mlango na kumwambia, "Mashine mpya zikija, Esinam, yako imo. Na mwenye mashine lazima awe na barua." Na mara tatu kamati ilikuwa imekaa, ikalinganisha, ikaamua kusubiri, kwa kuwa iliyo nyepesi zaidi ilikuwa njiani.

Kamati ilikuwa na watu wawili, Bwana Laryea na Ebo Quansah, mkaguzi wa kudumu ambaye mdomo wake haukujua likizo. Esinam aliingia kama mchora jedwali.

"Hii ya Kijapani," Ebo alisema, kidole kikiwa juu ya karatasi, "gramu mia saba arobaini. Dada Esinam, hii ni laptopu au ni chapati?"

"Ndivyo walivyoandika," Esinam alisema. "Mimi sijaipima."

"Ukikohoa si itaruka?"

"Basi usikohoe."

"Ya Kimarekani ina betri ya saa ishirini na sita," Bwana Laryea alisema. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Saa ishirini na sita. Mtu analala, anaamka, anasali, anakula, bado inawaka."

Wote watatu waliinamia jedwali. Walikuwa watu wazima, na Ebo alikuwa na watoto wanne, lakini namba zile ziliwanyamazisha kama mwimbaji mzuri anavyolinyamazisha kanisa. Katika kiwanda fulani, mbali, kulikuwa na watu ambao waliamka kila siku ili kupunguza gramu mbili kwenye kitu ambacho hawatakibeba wao. Esinam aliwaza kwamba watu hao hawamjui, na kwamba hata hivyo wanamfanyia kazi. Alimshukuru Mungu kwa ajili yao, kimoyomoyo, bila kufumba macho.

Walichagua ya Kijapani. Kisha Bwana Laryea alisimama, na wengine wakasimama, kwa sababu katika ofisi ile hakuna uamuzi uliotoka chumbani bila maombi. Siku zote alikuwa akiomba kwa ajili ya kitu kitakachokuja. Safari hii alikuwa amechoka kusubiri. Alishukuru.

"Baba, tunakushukuru kwa mashine hizi. Hatuombi tena. Kwa imani tumeshazipokea. Tumeshazifungua, tumeshazitumia, zimeshatubariki katika kazi. Idadi yake unaijua wewe, na wenye nazo unawajua. Amina."

"Bosi," Ebo alinong'ona, "tumeshazitumia?"

"Kijana, imani haisimami mlangoni."

"Mimi sina neno na mlango. Nasema tu, angalau tungeanza na mpya."

Mashine zilikuja Alhamisi, saa tano asubuhi. Zilitoka upande wa bahari, zikipita juu ya paa za maghala, nane, zimelala bapa hewani kama karatasi zinazosogezwa na mtu asiye na haraka. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ziliingia moja moja. Feni ya darini ilikuwa inazunguka, nazo ziliizunguka, zikashuka kwenye meza bila kuangusha hata kikombe. Hewa chumbani ikawa na ubaridi kidogo, kama anapopita mtu aliyetoka kuoga. Watu waliacha kuandika. Mtu mmoja alivua kofia.

Dede wa mapokezi aliuliza nani atasaini hati ya kupokelea mzigo. Ilipoonekana hakuna dereva wala hati, alichukua karatasi tupu akasaini mwenyewe, ili kitu kiwepo kwenye faili.

Zilikuwa zimetumika. Hilo ndilo Ebo aliloliona kwanza. Herufi A ilikuwa imefutika kwenye nyingi, pembe zilikuwa na mikwaruzo, na tarehe pembeni mwa kioo ilikuwa ya Novemba ya mwaka uliofuata. Zilikuwa zimeshafanya kazi ya miezi minane ambayo bado haijafika. Kila moja ilifunguka kwa kidole cha mwenyewe, haikumjua mwingine.

"Hii yangu," Ebo alisema. Alinusa bawaba. "Haya ni mafuta ya samaki wangu."

"Kwa hiyo hata mwakani hujajifunza kunawa," Esinam alisema.

"Wewe cheka tu. Kidole kimekubali."

Esinam aliomba kuiazima kwa dakika moja. Aliibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye mzani wa sampuli, ule wa kupimia mchele na korosho, akaiweka katikati. Namba zilipanda zikatulia. Gramu mia saba arobaini. Aliitoa, akausawazisha mzani, akaiweka tena. Mia saba arobaini.

Alibaki amesimama pale. Kwa miaka tisa alikuwa amepima magunia, makontena na meli nzima, na hakuwahi kukutana na kitu chenye uzito uleule ulioandikwa kwenye karatasi zake. Daima kulikuwa na pungufu, daima kulikuwa na mtu wa kueleza pungufu hilo, unyevu, panya, upepo. Sasa kitu cha kweli kilikuwa kimekaa mbele yake, chembamba kuliko kidole chake, hakina maelezo. Alitamani kukivulia viatu. Alikirudisha kwa Ebo polepole, na bega lake lililoshuka likawa bado limeinuka, kama linalosubiri kupewa tena.

Saba zilikwenda kwa wale saba wenye barua. Ya nane ilikuwa imetua kwenye meza ya Esinam.

Wale wanne wengine wa mkataba walisogea karibu. Mmoja alimpa kitambaa afute vidole. Esinam alikaa. Aliweka kidole cha shahada mahali pake. Kioo kilibaki cheusi.

"Jaribu cha kushoto," Ebo alisema. Safari hii hakuwa anatania.

Alijaribu cha kushoto, kisha vidole vyote kumi, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma alama za maji, bila kuruka hata kimoja. Kisha aliigeuza. Chini kulikuwa na kibandiko cha kampuni, namba ya ajira ya kudumu, na jina, Naa Shormeh Laryea.

Wote walimjua. Alikuwa binti wa kaka yake Bwana Laryea, mwanafunzi wa chuo mwaka wa tatu, mwenye adabu, aliyewaletea keki Krismasi iliyopita. Hakuwa ameajiriwa popote. Wale wanne walirudi kwenye viti vyao, na yule mwenye kitambaa alikisahau mkononi mwa Esinam.

Alasiri Esinam alibisha mlango wa Bwana Laryea. Alipoambiwa aingie, aliingia akabaki amesimama.

"Bosi, zimekuja nane."

"Mungu ni mwema."

"Yangu haimo."

Bwana Laryea alimtazama kwa upole wa kweli. Hakuwa mtu mbaya, naye aliumia kuona watu wakiumia mbele yake. "Esinam, binti yangu. Hayo ni mambo ya mwakani. Ya mwakani nani anayajua?"

"Mashine inayajua, Bosi. Ina kibandiko, na kibandiko kina saini yako."

"Ningekuwa nimeshasaini ningekumbuka."

"Hujasaini bado."

"Unaona? Basi sina kosa." Alifungua droo, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. "Sikiliza. Nimesoma jana. Mwaka kesho kutwa, ile ya Kitaiwani itatoka na gramu mia sita na kumi. Mia sita na kumi, Esinam. Nichoree jedwali. Zile zikija, yako imo."

"Na barua?"

"Mwenye mashine lazima awe na barua."

Esinam aliipokea karatasi. Alitaka kuwa na hasira, na hasira ilikuwepo, lakini kabla hajafika mlangoni macho yake yalikuwa yameshaiona ile mia sita na kumi, na kitu ndani ya kifua chake kiliinuka chenyewe, kama kinavyoinuka watu wanaposimama kuimba. Alijionea aibu. Aliomba asamehewe, ingawa hakujua ni lipi kati ya hayo mawili alilokuwa anaombea msamaha.

Laptopu ya Naa Shormeh ilibaki kwenye meza yake, kwa kuwa mwenyewe alikuwa chuoni. Esinam aliifuta vumbi kila asubuhi na kuichaji siku za Ijumaa. Wakati mwingine, alipokuwa anakula kenkey yake ya mchana, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, aliisogeza mbali asiimwagie pilipili. Ikibaki peke yake mezani iliinuka kidogo, unene wa sarafu, ikaelea, kisha ikatua mtu akipita.

Likizo ilipofika Naa Shormeh alikuja kumwamkia baba yake mdogo. Alikuwa bado mlangoni mwa ofisi, akitafuta pa kuweka mwavuli, laptopu ilipojifunguka upande wa pili wa chumba.

"Anti Esinam, shikamoo. Hiyo ni ya nani?"

"Marahaba. Ni yako."

"Mbona mimi sijaanza kazi?"

"Utaanza."

Msichana aliangalia ripoti zilizomo. Zilikuwa mia mbili na zaidi, za meli baada ya meli, zote na saini yake. Alisoma moja, akasoma nyingine, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Anti, hizi ni sentensi zako. Mimi siandiki hivi. Baba mdogo alinionyesha zako ili nijifunze."

Esinam aliinama kutazama. Zilikuwa zake. Mkato aliozoea kuuweka kabla ya neno "hata hivyo" ulikuwa mahali pake. Mwishoni mwa kila ripoti, kwa herufi ndogo, iliandikwa: *Vipimo vimechukuliwa na E. Agbeko, kwa mkataba.*

"Nimwambie baba mdogo?" Naa Shormeh aliuliza.

"Mwambie."

Alikwenda, akakaa dakika ishirini, akarudi na macho mekundu. "Amesema niende nawe melini leo, nione kazi."

"Basi vaa viatu vya kufunga," Esinam alisema. Alikwenda kabatini, akatia saini.

Meli ilikuwa ya mchele, imefungwa gatini. Chini ya ngazi Naa Shormeh alisita, hakujua ashike wapi. Esinam alimwonyesha, mikono kwenye kamba za pembeni, si kwenye vipandio, na macho juu. Laptopu ya msichana ilimtoka kwapani bila kushikwa. Ilipanda yenyewe kando ya ubavu mweusi wa meli, ikimeta, na mabaharia waliokuwa wameegemea ukingo waliacha kuzungumza wakasogea kuipa nafasi. Chini gatini, wapagazi wenye magunia vichwani walisimama na magunia yao, shingo zimenyooka, wakaitazama mpaka ilipofika. Hata Esinam aliitazama. Ilikuwa nzuri. Hakuna lililobadilisha hilo. Kisha alijifunga mkoba wake mgongoni akapanda.

Ofisa wa meli aliuliza mkaguzi ni nani, kwa kuwa fomu ilitaka namba ya ajira ya kudumu. Laptopu ilikuwa imeshaijaza. Esinam alimwonyesha msichana kwa kidevu.

Alivuka upande wa bahari, akateremka ngazi ya kamba mpaka maji yakawa chini ya nyayo zake. Alisubiri wimbi lipande, alisubiri lishuke, akahesabu mara tano kama alivyofundishwa, akachukua wastani.

"Mita tisa," aliita, "nukta nne mbili."

Juu, Naa Shormeh alichungulia ukingoni. Vidole vyake havikuwa vimegusa kitu.

"Ndiyo, Anti," alisema. "Imeshaandikwa."