Mstaafu na Mita ya Umeme

Tangu Baba Mapacha astaafu kazi ya ukarani, mkewe hakujua tena raha. Miaka thelathini mwanamume huyo alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni. Sasa alishinda nyumbani kutwa, kandambili miguuni, mikono nyuma, akipita chumba hadi chumba kukagua swichi. Umeme wao ulikuwa wa kulipia kabla, na mita ilikuwa ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Aliisoma akiamka, akaisoma kabla ya kula, na kila akiisoma aliguna.

"Mama Mapacha, huu umeme mnaunywa?"

"Mimi nashona, baba. Magauni sita ya harusi, na wenyewe wanayataka Ijumaa."

Mama Mapacha alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani ya umeme dirishani, meza ya kukatia, na pasi pembeni, mkono ukinyooshwa tu unaifikia.

Alivumilia mengi. Alivumilia friji ilipochomolewa, maziwa yakachacha. Alivumilia runinga ilipozimwa taarifa ya habari ikiwa katikati, kisa eti habari zenyewe ni zile zile za jana. Lakini Jumatano mama mkwe wake, waliyekuwa wakiishi naye, aliingia kuoga. Bafu lao halina dirisha. Baba Mapacha akapita, akaona mwanga chini ya mlango. Akazima taa, akaenda zake.

"Jamani! Njooni! Macho yangu yamekufa!"

Mama Mapacha alitupa mkasi akatoka mbio. Alipowasha taa alimkuta bibi wa watu kang'ang'ania bomba, povu hadi kwenye kope. Akamwosha uso, akamfunga taulo, akamtoa polepole.

"Nilidhani ndiyo basi tena," mama mkwe alisema, akihema. "Kumbe taa! Nani kaizima?"

"Mwanao."

Kizee akamgeukia mwanawe, aliyekuwa ameshafika kwa zile kelele. "Wewe, nilikulea una akili timamu. Umezipeleka wapi?"

"Mama, sikujua kuna mtu…"

"Hukubisha hodi!" Mama Mapacha alifoka. Sauti yenyewe ilimshtua. "Kidogo tu angeanguka! Nimechoka, baba, nimechoka mpaka hapa! Leo tutajua nani anakula umeme humu ndani. Zima kila kitu. Tutawasha kimoja kimoja, na wewe simama hapo kwenye mita yako."

Wakazima vyote. Kitaa chekundu cha mita, kinachokonyeza haraka kadiri umeme unavyotumika, kikatulia. Wakawasha taa ya bafuni: kitaa kikakonyeza mara moja, kikakaa muda mrefu kabla ya kurudia. Runinga, vivyo hivyo. Friji ikakiharakisha kidogo. Kisha cherehani. Mama Mapacha alikanyaga pedeli, akashona kitambaa chakavu kuanzia pindo hadi pindo, na mumewe akakiri kwamba tofauti ni ndogo.

"Umeona sasa?" Mama Mapacha alikunja mikono.

"Na hiyo je?" Mama mkwe alielekeza kidole kwenye pasi.

Mama Mapacha akaichomeka. Kitaa kikaanza kupepesa kama jicho lililoingiwa na pilipili. Pasi hiyo aliiwasha kila asubuhi na kuiacha hadi jioni, apate kulaza kila mshono pale pale anapoumaliza. Miaka yote hiyo.

Baba Mapacha alifungua kinywa. Mama yake akamtazama. Akakifunga.

Mama Mapacha alitaka kukasirika, ila hakupata wa kumkasirikia, na hilo likamuudhi kuliko yote. "Haya," alisema mwishowe. "Nitalimbikiza mishono, ipigwe pasi mara mbili tu kwa siku. Na wewe mwenye mikono isiyo na kazi ndiye utakayepiga. Ole wako uguse tena swichi ya bafu bila kubisha hodi."

Alhamisi Baba Mapacha akapiga pasi, jasho likimtoka kwa umakini. Vitambaa vizito alivianza pasi ikiwa moto mkali. Vile vyepesi aliviacha mwisho, akachomoa pasi na kuvimaliza kwa joto lililobaki. Hakuunguza hata kimoja. Ijumaa magauni sita yakaondoka kwa wakati, na umeme walioununua ukavuka wiki, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Jumatatu alisimama nyuma ya kiti cha mkewe, miwani puani, gauni jipya mkononi.

"Mama Mapacha, huu mshono wa bega umeupinda."

Mama Mapacha alivuta pumzi ndefu, akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona.