Hatua Mbili za Kagwiria

Kwa miaka thelathini Kagwiria alimwomba mumewe kitu kimoja tu: hatua mbili za ardhi mbele ya nyumba, apande airisi. Jibu la Kaimenyi lilikuwa lile lile. "Kwani maua yanaliwa?" Miraa yake ilijaa mpaka karibu na mlango, na watu wa Laare wakamsifu kwa bidii. Bidii gani hiyo jamani, ya kumnyima mke hatua mbili!

Mwaka huu, hospitali ilipomrudisha Kagwiria nyumbani na kusema hakuna dawa tena, Kaimenyi alishika jembe. Miraa hakuigusa hata hivyo. Alilima kando ya ukuta, pale walipozoea kuanika maharagwe, na Kagwiria akawa anamwelekeza akiwa kitini, blanketi magotini.

"Baba Mukiri, hiyo samadi ni mbichi. Itaozesha mizizi."

"Iliyokaa sina."

"Si umwombe jirani yetu Mbaabu? Na uinue tuta, maji yasituame. Airisi si nduma ya kukaa majini."

Akaenda kuomba. Akainua tuta, akachanganya samadi kuukuu na mchanga, akavunja mabonge kwa vidole, akang'oa kila nyasi. Alipomaliza alitaka kupanda papo hapo, maana mizizi yenyewe, minene kama tangawizi, ilikuwa tayari kikapuni. Kagwiria alijua haraka hiyo inatoka wapi.

"Udongo ukae wiki mbili kwanza, utulie," alisema. "Halafu uipande juu juu, migongo ipate jua. Hata kama sipo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama Mukiri."

Siku ya tisa Kagwiria alifariki.

Siku ya kumi na mbili vijana wa kanisa walikuja kuchimba kaburi, Mbaabu akiwaongoza. Kaimenyi alikuwa bado ndani. Waliona udongo laini, umelimwa vizuri, urefu wa mtu, wakadhani ndipo alipowatayarishia. Jembe la kwanza lilishazama Kaimenyi alipotokea mlangoni.

"Acheni! Hapo ni pa maua yake!"

Vijana wakarudi nyuma, wameinamisha vichwa. Mbaabu akauliza kwa upole, "Pole, mzee. Sasa tumlaze wapi? Kwingine kote ni miraa."

Kaimenyi aliitazama miraa iliyo mbele ya nyumba, ile ya zamani aliyoachiwa na baba yake. Akaingia ndani, akatoka na panga. Mbaabu alitaka kumpokea panga, naye akakataa. Alikata mwenyewe, shina kwa shina, akilia mbele za watu bila kujificha, mpaka zikapatikana hatua mbili.

"Chimbeni hapa," akasema.

Kisha akarudi kwenye tuta, akapiga magoti, akafukia alama ya jembe kwa viganja. Udongo ulibakisha siku mbili utulie, na safari hii angengoja.