Kifaranga cha Mbuni Mtaa wa Narung'ombe

Yai lile lilikaa juu ya friji ya soda tangu Severa alinunue kwa Mbaruku, mchuuzi wa vinyago, aliyeapa kwamba ni ganda tupu, limetobolewa na kukaushwa. Severa hakutafuta tundu. Yeye alitaka pambo tu. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, maduka ya jumla ya Kariakoo yalikuwa yanang'ara kwa vitu vya Dubai, na yeye, kwenye kiduka chake cha sukari na maharage, alihitaji kitu cha kumsimamisha mteja.

Na wateja walisimama. Kila aliyeingia alilibeba yai la mbuni kwa mikono miwili, akaligeuza huku na huku, akashangaa uzito wake, akalirudisha kwenye kikapu cha pamba. Uzito ule wote walidhani ni wa ganda. Chini yake mota ya friji ilinguruma mchana na usiku ikitoa joto. Mbuni mwenyewe hafanyi zaidi ya hapo: hulipatia yai joto, na hulipindua mara kwa mara. Kwa hiyo duka zima lilikuwa linaatamia, na hakuna aliyejua.

Halafu ukaja mgao wa umeme. Asubuhi moja ya Julai, ya baridi kwa watu wa Dar, friji ikanyamaza ghafla, na katika ule ukimya Severa akasikia kitu kinagonga. Alidhani ni panya. Akasogeza magunia, akapiga teke maboksi, wapi. Mwishowe akaweka sikio kwenye yai. Ndani mle mtu akampigia mluzi.

We acha tu! Severa alitoka mbio hadi barabarani, kisha akakumbuka duka ni lake, akarudi.

Kabla ya saa nne mlango ulikuwa umejaa. Wauza mitumba wa Mchikichini waliacha marobota yao wakaja kusikiliza kwa zamu. Mmoja alisema ni nyoka, wengine wakaruka nyuma. Wasukuma mikokoteni, ambao hawana dogo, walianza kumuuliza Severa kama ataomba likizo ya uzazi.

"Mama Anaeli," akasema mmoja wao, "na baba yake anajua?"

"Baba yake yuko Longido anakula majani," Severa akamjibu. "Wewe sogea, unaziba hewa."

Alikuwa anacheka, lakini mkono wake haukuondoka kwenye ganda. Severa alikuwa amekulia Siha, na utotoni aliwaona mbuni kule chini kwenye nyika kavu, ndege mrefu kuliko mtu, asiyeruka, anayekimbia hadi vumbi linabaki limesimama peke yake. Na leo mmoja wao alikuwa anamwita kutoka kwenye pamba. Alitaka kifaranga kile kitoke hai. Hakutaka kitu kingine chochote siku ile.

Simu ilikuwa ghorofani, kwa mwenye nyumba, Jasvanti, bibi wa Kihindi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Paras kwa jina la mwanawe. Severa akapiga ofisi ya wanyamapori, akapewa mtaalamu wa ndege, mwanamke anayeitwa Winifrida. Alitegemea kugombezwa, akagombezwa kweli. Mbuni ni mali ya taifa kama twiga, Winifrida alimwambia. Viota vinakombwa kwa ajili ya mapambo kama hilo lake, ndiyo maana nyika nyingine sasa hazina kifaranga hata kimoja. Lakini aliposikia habari ya mluzi sauti yake ilibadilika, akaanza kusema haraka haraka. Kitunzwe kwenye joto la mwili wa mtu. Mtu asithubutu kupasua ganda, maana mishipa ya damu bado imeshika ngozi ya ndani, na kifaranga cha mbuni hakina jino la kutobolea, kinasukuma kwa shingo na miguu hadi ganda livunjike. Kiongeleshwe pia. Baba na mama hukiitikia kikiwa bado ndani. Mama mwenye rangi ya udongo huatamia mchana, baba mweusi huatamia usiku, na sauti ya baba ni nzito kama ngoma. Gari lilikuwa safarini, angekuja likirudi alasiri.

Severa aliposhuka, yai lilikuwa limepoa. Mumewe, Elimringi, alikuwa amefika kutoka kazini bandarini, amelipakata magotini, na mkononi ana bisibisi.

"Kimenyamaza," alisema. "Kimechoka. Nakitobolea kidogo tu."

"Ukitoboa kinavuja damu."

"Nisipotoboa kinakufa."

"Elimringi. Weka hicho chuma chini."

Alikiweka. Severa akalichukua yai, akalifunga tumboni kwa khanga. Joto la uhakika alijua liko wapi. Kila siku Mama Paras aligandisha mtindi kwenye sanduku la mbao lililotandikwa blanketi, kando ya jiko la mkaa, akipima joto kwa kifundo cha mkono wake, na mtindi ule haukuwahi kumharibikia. Lakini jikoni kwake, kwa imani ya dini yake, haikuwahi kuingia nyama, wala samaki, wala yai. Mpangaji mmoja zamani alipanda na chapati ya mayai, akashushwa nayo ngazini.

Severa akapanda, Elimringi nyuma yake. Jasvanti alifungua mlango, akatazama tumbo la Severa.

"Yai haliingii kwangu, Mama Anaeli. Unajua."

"Shikamoo mama. Najua. Sikiliza kwanza."

"Marahaba. Nisikilize nini?"

Bibi aliinamisha kichwa, akaweka sikio. Kimya. Akabaki vilevile ameinama, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Halafu kwa mbali, dhaifu, ukatoka mluzi. Jasvanti akashtuka kama aliyeguswa na maji ya baridi.

"Hili si yai," akasema. "Huyu ni mgonjwa. Vueni viatu, ingieni."

Akatoa bakuli la mtindi sandukuni, akaingiza kifundo chake, akaongeza kipande cha mkaa, akapima tena, akakubali. Yai likalazwa kwenye blanketi. Severa akakiongelesha kwa Kichaga, kwa Kiswahili. Jasvanti akakiimbia kwa Kigujarati. Kimya. Ndipo Severa akakumbuka habari ya baba na ngoma, akamgeukia mumewe, ambaye kanisani kwao anaimba besi, na besi yake hutikisa benchi.

"Imba."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Chini kabisa."

Elimringi, soksi zimetoboka, akapiga magoti jikoni kwa Mama Paras, akaanza kunguruma. Vikombe vikatetemeka rafuni. Na yai likajibu! Likapiga mluzi, likatikisika, likapiga tena. Kila alipovuta pumzi kiligomba, kila aliponguruma kilisukuma. Mchana ukapita hivyo, Jasvanti akimpa maji ya limau ili koo lisikauke. Kipande cha ganda kikaruka. Mguu ukatoka, mnene, wenye vidole viwili tu, ukapiga teke hewani, na upande mzima ukaporomoka. Kikabaki pale kimelowa, manyoya yake kama miiba ya nungunungu, shingo ya madoadoa, macho makubwa yanamtazama Elimringi.

Severa alilia waziwazi. Jasvanti aliokota vipande vya ganda sakafuni kwake, kimoja kimoja, kwa vidole vyake mwenyewe.

Winifrida alifika na kreti yenye nyasi, akakagua kitovu, akakagua miguu, akatabasamu hadi masikioni. Alikuwa na shamba la kulelea, wenzake wadogo wapo. Wakikua watarudishwa nyikani. Akakitia kretini. Elimringi akanyamaza. Papo hapo kifaranga kikapiga kelele za kupasua masikio.

Elimringi akanguruma. Kikatulia.

Winifrida alijaribu kukisemesha yeye, kikazidi kulia. Akamtazama mwanamume yule, akamtazama Severa, wakashuka wote, akamfungulia Elimringi mlango wa gari.

Basi gari likaondoka taratibu kuelekea Msimbazi, Elimringi kiti cha nyuma amekumbatia kreti, besi inatoka dirishani, watu wanapisha. Wasukuma mikokoteni wakamuuliza Severa mumewe anapelekwa wapi.

"Ana mtoto mchanga," Severa akasema. "Mwacheni."