Kochi la Mama Mkwe

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili tusipoteze muda kumtafuta. Wengine waliokuwa sebuleni walikuwa na akili zao timamu: mke wangu, kaka yake, na mama yao mwenye goti jipya.

Kazi yangu ni kutengeneza makochi. Siku za kazi napiga misumari na kukata sponji, wikendi napiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi. Hiyo ya pili ndiyo naiita kazi. Ya kwanza ndiyo inayotulisha. Nyumbani tuna vyumba vitatu: chetu, cha watoto, na kile kidogo kilicho jirani na choo, ambacho tulipohamia tulikiita chumba cha wageni. Mgeni wa kwanza kuingia humo lilikuwa gitaa. Likafuata la pili ili la kwanza lisikae peke yake. Halafu besi ya nyuzi nne, halafu ya nyuzi tano kwa sababu ile ya nyuzi nne ilikuwa na upungufu wa mmoja, halafu gitaa lililovunjika shingo ambalo nililionea huruma. Kufikia mwaka huu mlango ulikuwa unafunguka nusu. Mgeni mwenye kitambi asingepita.

Kabla hujaniuliza, si mgonjwa. Ni hivi tu: nikiona gitaa limetundikwa dukani, vidole vinaniwasha, na kichwani unaanza wimbo ambao hakuna aliyeutunga, na ambao hauwezi kupigwa na gitaa lolote duniani isipokuwa hilo. Nikilinunua nikafika nalo nyumbani, wimbo unakatika. Nadhani unabaki kule kule dukani. Ndiyo maana inabidi nirudi.

Sasa, mama mkwe alikuwa hospitali. Goti lake la kulia lilikuwa limeliwa likaisha, wakamwekea la chuma. Kwake ni ghorofa ya nne, na lifti ya jengo lile imekufa tangu watoto wangu hawajazaliwa. Mke wangu akanikalisha mezani.

"Mama anatoka Jumamosi. Atakaa na sisi mpaka aweze kupanda ngazi zake. Nakitaka kile chumba kiwe wazi."

"Kitakuwa wazi."

"Na gitaa jingine lisiingie humu ndani."

"Likiingia litapita wapi?"

"Hujajibu."

"Haliingii, mke wangu."

Akaniangalia kidogo. Anauza dawa famasi, amezoea watu wanaosema watameza halafu hawamezi.

Alhamisi nikachukua magitaa mawili kwenda kuyauza. Ukweli wa Mungu, kuyauza. Kuna bwana ana duka la vyombo vya muziki vya mitumba, limebanwa kati ya kinyozi na fundi wa simu; sisi watu wa bendi tunamwita Nyuzi. Alikuwa anakunywa chai.

"Umekuja kuuza au kutazama?"

"Kuuza tu. Leo sigusi kitu."

"Usiguse," akasema. "Hata ile pale juu usiiguse."

"Ipi?"

Hapo ndipo nilipokwisha. Ilikuwa besi ya tumbo kubwa, yenye uwazi ndani, ile inayosikika bila kuchomekwa umeme, rangi ya chai ya rangi. Na shingoni haikuwa na vile vyuma vya kukugawia sauti. Ilikuwa laini tupu, kidole kinateleza kinavyotaka. Nikaishusha. Nikapiga mara moja. Vikombe vya Nyuzi vikaitikia.

"Mwenyewe amehamia chumba kimoja," akasema. "Hana pa kuiweka."

"Masikini," nikasema, mimi niliyekuwa natafuta pa kumweka mama mkwe.

Tukabadilishana: yeye mawili, mimi moja. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimepunguza. Nilijipongeza njia nzima mpaka karakana, na pale mlangoni pa karakana ndipo nilipolikumbuka lile neno "haliingii."

Karakana kulikuwa na kochi. Nilikuwa nalitengeneza wiki ile yote, na nisikufiche, lilikuwa na ujanja wangu ndani yake. Daktari alitaka mama akae kiti cha juu, kigumu kiasi, chenye mikono ya kujiinulia. Nikamtengenezea cha watu watatu, chenye hayo yote, na ukilaza mgongo wake kinafunguka kuwa kitanda. Akilala sebuleni, karibu na dirisha na televisheni, atahitaji chumba cha nini? Mke wangu nilikuwa sijamwambia. Nilitaka kochi lijisemee lenyewe.

Chini ya springi za kochi kuna nafasi tupu. Watu huficha hapo mablanketi. Nikailaza besi chali, nikaiegemeza sponji huku na huku, shingo ikafika mpaka chini ya kiti cha jirani. Kati ya nyuzi na springi palibaki upana wa vidole vitatu. Nikakaa juu. Kimya. Nikarukaruka. Kimya. Nikafunga kitambaa cha chini kwa stapla, nikajiona mhandisi. Kitu kimoja tu sikukifikiria: mimi ni mwembamba. Nikikaa juu ya sponji mpya, sponji haina habari.

Jumamosi shemeji akamleta mama kwa gari. Huyu shemeji ndiye mpiga ngoma wa bendi yetu. Ndiye aliyenijulisha kwa dada yake, na mpaka leo hajaacha kumwomba radhi. Kutoka kwenye gari hadi mlangoni mama alitumia muda mrefu, gongo moja, gongo la pili, kusimama, kuvuta pumzi. Uso ulikuwa umelowa jasho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hujanenepa tu?"

"Bado, mama."

"Basi mke wako anajitahidi bure."

Mke wangu alikuwa ameshatangulia chumbani na mto mkononi. Akausukuma mlango. Mlango ukafunguka nusu. Akarudi taratibu, mto bado mkononi, akanitazama.

"Kwanza mama apumzike," nikawahi. "Mama, karibu, kochi lako hili. Nimelipandisha juu kidogo kwa ajili ya goti."

Akashika mikono ya kochi, akajishusha kwa uangalifu, inchi kwa inchi, akakaa kwa uzito wake wote.

*Duuum.*

Mama akaweka kiganja juu ya goti.

"Mmesikia?"

"Nini, mama?" akauliza mke wangu.

"Hiki chuma walichoniwekea. Kimelia."

"Hakiwezi kulia, mama."

"Sikiliza." Akajiinua kidogo, akakaa tena. *Duuum.*

Mke wangu akautupa mto, akapiga magoti mbele ya mama yake. "Unaumia?"

"Maumivu ni yale yale. Lakini hospitali hakikuwa kinalia."

"Watakuwa hawakukikaza vizuri. Turudi hospitali. Kaka, washa gari!"

Mama akafumba macho. Nilimwona akiipiga hesabu ile njia: mlango, ngazi mbili za nje, gari, mashimo yote ya barabara, benchi la kusubiri. "Kama ni lazima," akasema kwa sauti ndogo, akayavuta magongo yake.

Hapa ndipo napotaka unielewe. Ningenyamaza, wangeondoka, ningefungua kochi, ningeitoa besi, na wangerudi jioni wakakuta goti limepona. Nililifikiria hilo. Nililifikiria kwa muda wa kutosha kujionea haya, lakini sio wa kutosha kufungua mdomo.

Shemeji hakuwa ameondoka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anavyofanya jukwaani spika ikikoroma.

"Mama, hebu jisogeze kidogo kulia."

*Duuum.*

"Dada, gari halihitajiki," akasema. "Goti gani linalia E?"

"E ndiyo ugonjwa gani?" akauliza mama.

"Ni uzi mnene wa besi. Na umelegea kidogo." Akanigeukia, meno yote nje. "Au fundi unasemaje?"

Wote watatu wakanitazama. Mama bado alikuwa ameshika magongo.

"Si goti, mama," nikasema. "Ni besi."

Tukamhamishia mama kwenye kiti cha mezani, mguu juu ya stuli. Nikachukua bisibisi, nikalilaza kochi kifudifudi na kuling'oa stapla moja moja huku mke wangu amesimama juu yangu kama msimamizi wa mtihani. Kitambaa kilipofunguka, besi ikatokeza tumbo. Shemeji akapiga mluzi, kisha akajifanya anakohoa.

"Ulisema gitaa jingine haliingii," akasema mke wangu.

"Halikuingia. Lililoingia ni kochi."

Shemeji akatoka nje kwenda kucheka. Mke wangu hakucheka.

"Na mama alale wapi?"

"Hapa hapa. Linafunguka kitanda, ngoja nikuonyeshe."

"Nimeliona. Yaani mama yangu alale sebuleni, watoto wanamruka, wageni wanapiga hodi, goti liko juu ya mto kila mtu anachungulia. Magitaa yako yalale chumbani, mlango umefungwa."

Likisemwa hivyo lilikuwa na sura mbaya. Nikajaribu kulisema vingine. Nikaeleza kwamba karakana kuna vumbi na mvuke wa gundi, shingo za magitaa zitapinda. Nikaeleza kwamba nimeshapunguza, nilitoka na mawili nikarudi na moja. Nikaeleza kwamba hili ni la harusi za ndani, lile la harusi za uwanjani, lile la mazoezi, lile la kumwazima mtu ili asiombe lile jingine.

"Uza," akasema.

"Yapi?"

"Yoyote."

"Hakuna gitaa linaloitwa yoyote!"

"Basi sawa." Sauti yake ilishuka, na mimi namjua, akipiga kelele bado kuna mazungumzo. "Nitamrudisha kwake. Nitapanda naye ngazi hizo ghorofa nne, na nitakaa naye huko huko mpaka atembee. Wewe baki na watoto. Na hao wengine wa chumbani."

"Mwanangu," akasema mama, "usiseme hivyo mbele ya mume wako." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole kabisa. "Mkwe wangu, hebu nieleweshe. Ukipanda jukwaani unapiga mangapi?"

"Moja, mama."

"Na haya mengine?"

"Yanasubiri."

"Yanasubiri nini?"

Nilimwona ananisikiliza. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuniuliza swali la pili kuhusu magitaa, nikalewa. Nikachuchumaa mbele yake, nikaishika besi shingoni, nikatoa moyo wangu wote.

"Mama, wewe ni mzazi, utanielewa. Haya kwangu ni kama watoto. Hili nimelilea, lile nimelitibu, hili nimelileta juzi tu. Mzazi haulizwi kwa nini ana wengi. Wala haambiwi achague yupi amtoe nje. Ni watoto wangu, mama."

Mke wangu akafungua mdomo. Mama akamwinulia kidole asubiri. Akaushusha mguu wake kutoka kwenye stuli, akayapanga magongo yake vizuri, kama mtu aliyeshaamua kusimama na anajua ataelekea mlango upi.

"Nimekuelewa, baba," akasema. "Basi kama ni watoto, waambie wainuke wampishe bibi yao."