Vichwa Saba vya Mama Bile

Lori la Samatar lilijulikana kutoka Isiolo hadi Moyale, na sauti yake ilijulikana mbele zaidi. Alikuwa mtu mnene, mjukuu wa askari Msomali aliyeletwa na Waingereza enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, na kama babu yake alipenda neno lake lisikike mara moja tu. Kwa hiyo siku ile ya mwaka wa 1981, aliporudi kutoka Nairobi na mwanasesere wa kumpa mjukuu wake Nurto, alitegemea vigelegele.

Nurto alikuwa na miaka mitatu. Alimkagua yule mgeni kwa makini: nywele za manjano, mashavu mekundu kama aliyepigwa makofi, macho ya buluu yanayojifumba akilazwa na kufumbuka akiinuliwa. Samatar akamlaza, akamwinua. Macho yakafumbuka, ta! Mtoto akapiga yowe lililowatoa majirani nje, akaingia chini ya kitanda, na hakutoka mpaka alipoahidiwa halua.

"Umemletea mtoto jini," akasema Habsa, mke wake.

"Ni doli, Mama Bile! Watoto wa Nairobi wanalala nazo."

"Watoto wa Nairobi wamezoea mengi."

Mwanasesere akatupwa juu ya kabati. Lakini kila Habsa alipopita aliona kile kimguu cha plastiki kinaning'inia, na moyo ukamsuta. Siku moja akamteremsha. Akamfuta uso kwa dawa ya kutoa kuteksi ya kucha mpaka mashavu yakaisha na nyusi zikapotea. Akamtia kichwa katika maji ya moto kikawa laini, akakichomoa shingoni, akazing'oa zile nywele za manjano shungi baada ya shungi. Mahali pake akapandikiza manyoya meusi ya mbuzi kwa sindano, tundu kwa tundu, kazi ya siku nne. Rangi ya ngozi aliipata katika kopo lililobaki Samatar alipopaka bodi ya lori. Akamshonea guntiino, vazi la Kisomali la kufunga begani, ya kitambaa cha shela yake kuukuu, akamchora nyusi kwa njiti ya kiberiti.

Nurto alipomwona safari hii alimbeba mgongoni akaenda naye kwa majirani.

Jambo lingeishia hapo, ila Habsa alikuwa amelea watoto sita, wote wameoa na kuolewa, na mikono yake ilikuwa imekaa bure kwa miaka miwili. Akamwagiza mumewe wanasesere wengine. Wazima hawakumvutia, alitaka waliovunjika, waliochakaa, wale wanaouzwa kwa mafungu katika soko la Gikomba pamoja na nguo za mitumba. Akatengeneza mama wa Kiturkana mwenye shanga zilizonunuliwa kwa akina mama wa Ngaremara, akatengeneza Mborana, akatengeneza bibi wa Kimeru mwenye kiondo kisichotosha hata harage moja. Aliwapanga rafuni, na saa za sala aliwafunika kwa shuka.

"Mama Bile," Samatar akasema akiwa mezani, "watoto sita hawakukutosha?"

"Hawa hawaniulizi chai iko wapi."

"Na huyu mwenye shanga mbona rangi yake ni ya lori langu?"

"Basi wewe ndiwe baba."

Samatar alicheka, akaenda Nairobi, akaleta wengine. Ila aliwaficha. Mwenye lori la tani saba haonekani amekumbatia doli.

Siku ya balaa muuzaji wa Gikomba hakuwa na wanasesere wazima wala vilema. Alikuwa na vichwa tu, saba, na Samatar akavitia katika mfuko wa gunia nyuma ya kiti chake. Wakati huo polisi walikuwa wakisaka pembe za ndovu kila kizuizi. Hatua chache kabla ya kuingia Isiolo, Koplo Kaberia akamsimamisha.

"Habari ya safari, Mzee Samatar?"

"Nzuri. Niachilie nikapumzike."

"Utapumzika. Hii mfuko iko na nini?"

"Vitu vya nyumbani."

Koplo akatia mkono. Ukatoka na kichwa. Akatia tena, kikatoka kingine, hiki kipara. Cha tatu kilikuwa na jicho moja, nalo likamfumbukia Koplo usoni. Alirudi nyuma akakanyaga buti lake mwenyewe, kisha akachungulia mfukoni, akahesabu saba.

"Mzee! Hivi ni vichwa vya nani?"

Katika miaka yake ya barabara Samatar alikuwa amejibu maswali kuhusu sukari, matairi, na mara moja ngamia aliyelala juu ya magunia. Swali la vichwa lilikuwa jipya.

"Vya mke wangu," akasema.

"Bibi yako ako na vichwa saba?"

Nyuma yao lilikuwa limesimama basi, na abiria walikuwa wamejaa madirishani. Kicheko kilimtangulia Samatar mjini. Kufikia alasiri, msikitini na sokoni, hakuitwa Samatar tena. Walimwita Vichwa.

Aliingia nyumbani akaweka mfuko sakafuni. "Kuanzia leo lori hili halibebi doli. Wala mkono. Wala sikio."

"Sawa, Baba Bile," Habsa akajibu, upole mtupu, na huo upole ulimkera kuliko ugomvi.

Wiki mbili baadaye jirani yao Kinanu, karani wa posta, alimletea Habsa mwanasesere mkubwa wa binti yake. Alitaka ageuzwe awe bibi harusi, lakini macho ya doli huyo yalikuwa yamekwama, nusu wazi nusu fumba, kama mtu aliyekula miraa usiku kucha. Habsa alikaa naye barazani siku mbili, akitikisa, akipuliza, akichokonoa kwa kibanio cha nywele. Samatar alikuwa uani, kichwa ndani ya injini, akijifanya haoni.

"Usitikise," akasema hatimaye.

"Sijakuuliza."

"Hiyo si kazi ya sindano. Hiyo ni kazi ya makanika." Akafuta mikono. "Lete."

Alitia kichwa cha doli katika maji ya moto, akakichomoa, akachungulia ndani kwa tochi.

"Mama Bile, ndani kuna ekseli!"

Kweli, macho yalishikwa na waya mmoja, na chini yake kipande kizito cha madini ya risasi kilichokuwa kikiyavuta. Waya ulikuwa na kutu. Akauosha kwa mafuta ya taa, akausugua, akautia grisi kidogo kwa ncha ya unyoya. Kisha mkono ule uliozoea nati za kilo ukakunja waya mwembamba kama unywele, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo. Akamwinua mwanasesere. Jicho la kulia likafumbuka. La kushoto likangoja kwanza, kisha likafuata.

"Anakonyeza," Habsa akasema.

"Ngoja, nitarekebisha."

"Thubutu!" Alikuwa Kinanu, amesimama mlangoni, ameshika mbavu kwa kicheko. "Baba Bile, muache hivyo hivyo. Bibi harusi gani hakonyezi?"

Samatar alijaribu kukunja uso, uso ukakataa. Asubuhi alimuuliza mkewe, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, iwapo vile vichwa saba vyote vina waya ndani.

"Sijui," Habsa akasema. "Wewe ndiye makanika. Lakini si ulisema hata sikio halipandi lori?"

"Nilisema lori. Sikusema meza."

Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wakigombana barazani kuhusu nyusi za doli mpya, Mrendile: Habsa anataka nyembamba, Samatar anasema mwanamke wa Kirendile hawezi kuwa na nyusi za karani. Akazichora yeye. Kisha akaona moja imepanda juu, akazifuta, akazichora upya, na vanishi ikakataa kukauka.

Wafanyabiashara wa Marsabit walingoja unga wao siku nzima zaidi. Samatar alipofika aliteremka akiwa na rangi nyeusi kwenye ukucha wa kidole gumba, akawaambia kwa ile sauti yake kwamba giaboksi ilimsumbua njiani. Wakampa pole, wakamletea chai.