Mashu ya Muhuri

— Ukifungula, umenunua!

— Mama, miye sinunue. Nasoma tu.

— Kusoma banaendaka ku masomo. Hapa ni soko. Toa mukono ku shu yangu!

— Mais mama, hii ni jugement, uamuzi wa tribunal! Jugement ni ya batu bote. Balisoma yenyewe mu audience publique, mulango wazi, hata mbuzi ingeingia kusikiliza.

— Basi enda uulize ile mbuzi. Njo ilisikia.

Bamama ba pembeni balicheka mpaka moja akaangusha poireaux zake mu matope. Éphraïm hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya lundo ya mashu, ile kabichi ya Kipese yenye kichwa ngumu kama jiwe, kidole yake tayari chini ya jani ya kwanza. Mama Katungu, mwenye lundo, alikuwa amemushika mukono na mikono yake mbili, sawa mutu mwenye kukamata mwizi wa kuku.

Ilikuwa vile kila asubui mu soko ya Butembo tangu mashu ilianza kuzaa majugement.

Kule Beni, nyumba moja fasi balikuwa banaweka dossier za zamani za tribunal iliungua. Hakuna mutu alikufa. Moshi ikapanda, upepo ikaibeba kusini, ikapita juu ya Butembo bila kusimama, ikapanda milima, na kule Kipese mvula ikaiangusha yote mu mashamba. Balimaji balifurahi, sababu majivu ni mbolea. Wakati wa kuvuna, mashu ikatoka na maandishi. Jani ya inje ilikuwa na numero ya dossier. Majani ya kati ilikuwa na majina ya bale balishitakiana, na maneno yote balijitupiana. Na mu roho ya shu, kule majani inakuwa nyeupe na tamu, kulikuwa uamuzi wenyewe, "dit pour droit", na muhuri ya zambarau yenye kichwa ya chui kati-kati.

Mu juma ya kwanza bamama baliuliza munganga kama ile wino inaumisha tumbo. Munganga akasema hapana. Ikaisha pale.

Kisha kila mutu akajua namna ya kutafuta. Shu ya divorce, ya talaka, inakuwa kidogo na ngumu. Shu ya pénal, ya wizi na mapigano, ni chungu, hata ukiipika na mafuta mingi. Shu ya mashamba ni kubwa, nzito, jani juu ya jani, sababu kila ndugu alitaka kusema yake. Mama Berthe, mushonaji wa karibu na daraja, alikuta divorce yake akiwa anakata mboga ya saa sita, akaolewa tena mbele ya Pasaka. Papa Vagheni, greffier, ule mwenye kuchunga makaratasi ya tribunal, alileta kiti yake na tampon yake ya muhuri ku kona ya soko. Ukimuletea shu yako, anasoma, anakohoa, anapiga "copie conforme" ku jani, na shu inakuwa karatasi ya serikali.

Mubaya ilikuwa moja tu. Bakonvoyeur ba Fuso, bale bavijana banapanda juu ya mizigo ya lori, banatoaka majani ya inje mu njia, sababu inaoza haraka. Donc manumero yote ya tribunal ilikuwa inalala mu mitaro ya Lubero, mbuzi zinakula. Shu inafika Butembo bila numero. Kujua ni ya nani, lazima ufungule. Na Mama Katungu alikuwa na sheria yake.

— Ukifungula, umenunua, alirudilia. Na uende ukatafute baba yako fasi ingine.

Pale alisema kweli bila kujua. Éphraïm alikuwa anatafuta baba yake.

Papa Syauswa alikuwaka na shamba ya kakao nyuma ya Oicha. Mufanyabiashara moja wa kakao, jina yake Gérard, akaingia ndani siku moja, akaweka bavunaji bake, akajenga nyumba. Papa Syauswa akamushitaki, akashinda. Siku ile Éphraïm, mwenye alikuwa ametoka kuacha masomo, alisimama ku dirisha ya tribunal. Hakusikia Kifaransa yote ya juge. Lakini aliona baba yake anatoa kofia, anaivaa, anaitoa tena, sawa mutu kofia imekuwa ndogo sababu ya furaha. Kisha vita ikafukuza batu. Papa Syauswa akafia Butembo mu nyumba ya kupanga, hajachukua copie ya jugement. Na kila mara mujane wake, Mama Kanyere, anatuma mutu kwa Gérard, Gérard anajibu na adabu: "Mulete tu karatasi, hakuna shida."

Karatasi ilikuwa moshi. Sasa moshi ilikuwa shu. Na Mama Kanyere, mwenye kakao yake inapanda gari kila saison bila yeye, alikuwa anauzisha makala mu vikopo kando ya barabara.

Siku ya salongo, Fuso ya Kipese ikaingia mbio.

Salongo njo ile asubui soko yote inafunga. Kila mutu anakamata fagio ao jembe, anasafisha quartier, na mwenye kuuzisha hata kiberiti moja analala mu cachot. Chef wa quartier alikuwa anatembea na siflet mu kinywa. Idi, konvoyeur, aliita toka juu ya mashu:

— Mashamba! Hii yote ni mashamba! Sikieni vile inanukia bandugu kugombana!

Akaanza kutupa chini. Lundo ikapanda mpaka ku mabega ya Mama Katungu. Éphraïm akatupa jembe yake, akakimbia. Mama Katungu akasimama mbele yake na fagio.

— Hapana gusa! Ukifungula…

— Nimenunua? Leo? Mama, unauzisha saa ya salongo?

Mama Katungu akashusha fagio. Akaangalia chef. Chef akamuangalia.

— Siuzishe, akasema pole-pole.

— Vizuri. Kama hauuzishe, miye siwezi nunua. Kama siwezi nunua, nikifungula sijanunua kitu. Chef, naongopa?

Chef akafikiri, tumbo mbele, mikono nyuma. Soko yote ikangoja na mafagio yake. Kisha akatoa siflet mu kinywa.

— Ni logique, akasema. Na majani ya kuoza ni uchafu. Mufungule! Ni kazi ya usafi!

Akapiga siflet.

Ayayay! Mafagio ikaanguka yote mara moja. Batu baliingia mu ile lundo sawa panzi mu mahindi. Mikono, mikono tu! Banafungula jani moja, mbili, banasoma jina, banaita na sauti yote:

— Mupaka ya eucalyptus, Alimbongo! Ni ya nani?

— Yangu! Leta! Leta!

— Bana ba Jokébed na mujomba wabo! Mashamba tatu!

— Ine! Baliongopa, ni ine! Soma chini!

— Huyu balimupatia kisima, lakini mupapai hapana!

— Nilijua! Ule mupapai!

Muzee moja alishika shu yake ku kifua akaanza kucheza, peke yake, bila ngoma. Mama Katungu alikuwa anazunguka na kamba za mugomba, analalamika:

— Mukifungula, mufunge tena! Nitauzisha nini kesho, salade?

Lakini mukono yake ya kushoto ilikuwa ndani ya lundo, nayo inatafuta. Yeye pia alikuwaka na kaka mwenye kugombania naye shamba.

Éphraïm alikuwa amefungula mpaka makucha yake imekuwa kijani. Hakuna Syauswa. Jasho inamuingia mu macho. Pale mama yake akafika toka ku makala, mikono nyeusi mpaka ku kiwiko. Hakusoma kitu. Alikuwa anainua shu moja, anaitia chini, anainua ingine. Kisha akainua moja kubwa sana, na mugongo yake ikapinda kidogo.

— Hii njo yeye, akasema.

— Mama, umejuaje?

— Nzito vile? Baba yako alisemaka sana ku audience. Juge alimupatia maji mara mingi ili anyamaze.

Éphraïm akafungula. Jani ya pili: Syauswa contre Gérard. Jani ya kati: mabishano, mabishano, baba yake anasema alipanda muti wa kwanza mwaka Éphraïm alizaliwa, baba yake anasema tena, baba yake hanyamaze. Mu roho, nyeupe kabisa: shamba ni ya Syauswa, Gérard atoke. Na chui ya zambarau anaangalia mutu uso kwa uso.

Akapandisha ile shu juu ya kichwa, akapiga kelele ya furaha sawa mutu amefunga bao. Soko ikajibu. Idi akapiga klaxon ya Fuso mpaka chef akamutishia cachot.

Papa Vagheni alikuwa mule mu salongo pia, na jembe, suruali imekunjwa.

— Kwa muhuri, akaanza, kunakuwa na frais ya…

— Papa, hakuna kuuzisha, batu baliitika pamoja. Hata muhuri!

Papa Vagheni akaangalia chef, akakohoa, akatoa tampon mu mufuko, akapiga. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga bure.

— Lakini ufanye mbio, kijana, alisema. Copie ikinyauka, haina nguvu tena. Ni vile sheria inasema.

Éphraïm akafunga shu mu gunia yenye maji, akaiweka mbele yake juu ya tanki ya pikipiki ya kuazima, tayari kwenda Oicha kwa Gérard. Mama Kanyere akaweka mukono ku ile gunia.

— Nitarudi na kakao, mama.

— Rudi na wewe mwenyewe. Wasingya, asante.

Na akaenda! Maboya, Kabasha, vumbi, malori, mbuzi, mutelemuko, upepo inampiga mu meno na yeye anaimba. Kila mutoni alisimama, akainywesha shu maji na mukono, sawa vile unanywesha mugonjwa. Ku barrière moja, mbele ya Beni, askari akamuita kwa Lingala, aulize amebeba nini:

— Petit, yaka. Oza na nini?

— Jugement, chef.

Askari akafungula gunia, akasoma majani yote kwa utaratibu, akiramba kidole.

— Félicitations, akasema. Papa na yo alobaka trop, baba yako alisemaka sana.

Akatoa jani moja, ile ya majina ya ba-avocat, akaiweka mu sufuria yake.

— Hii haina kazi. Pita.

Beni ikapita. Mavivi ikapita. Kule Oicha miti ilikuwa karibu na barabara tena, na harufu ya kakao yenye kukauka ikamufikia Éphraïm mbele ya nyumba kuonekana. Alikuwa amesahau ile harufu. Akaongeza gaz.

Gérard alikuwa inje, mzee mwenye shemizi safi, anageuza mbegu za kakao juu ya bâche na mukafi ya mti. Akamupokea muzuri. Akaitisha kiti. Akaitisha maji. Akavaa miwani, akasoma shu akiwa wima, sawa mutu anasoma Evangile, toka jani ya kwanza mpaka mu roho. Akagusa ile tampon ya Papa Vagheni na kidole.

— Bado mubichi, akasema. Umekuja mbio. Ni kazi muzuri hii.

— Basi unatoka lini?

— Nilikuwa pale wakati juge anasoma, mutoto wangu. Baba yako alikuwa na kofia. Miye sijawahi kukatala. Shamba ni ya Syauswa, kila kitu iko ndani.

— Ulisema tulete karatasi.

— Mumeleta. Asante.

— Donc utoke!

— Nani atanitoa? Gérard aliuliza, bila kasirani, sawa mutu anauliza saa. Huissier, ule mwenye kutekeleza uamuzi, haingiaki huku, njia haiko salama. Polisi banasema bangoje huissier. Nikitoka peke yangu, nitaenda wapi? Ingia, ukule kwanza.

Mulango wa jikoni ilikuwa wazi. Juu ya meza kulikuwa mashu ingine yenye jina ya Gérard, yenye kupangwa kwa mustari, kila moja na "copie conforme" yake. Zingine zilikuwa zimenyauka, zingine zilikuwa nusu. Binti wa Gérard, Joyeuse, akatoka na kisu, akasalimia Éphraïm na heshima, akakamata shu ya Syauswa toka mukono wa baba yake.

— Hii tena, papa, nikate?

— Kata fini-fini. Weka na ndizi.

Éphraïm akasikia kisu ku ubao. Kisu ilikuwa nzuri, haikusimama hata ku roho.

Akaacha kiti. Akaingia mu shamba, Gérard nyuma yake na mikono mugongoni. Mistari ilikuwa ileile. Muti wa kwanza, ule wa mwaka wake, alikuta mara moja, ulikuwa umenenepa. Akavunja kakao moja ya manjano, akaipasula ku jiwe sawa vile baba yake alikuwa anamupasulia zamani, akaweka mbegu moja yenye nyama nyeupe mu kinywa. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu vile ilikuwaka.

— Kula, mutoto wangu, Gérard alisema, na alikuwa anacheka muzuri kabisa. Kula hata mbili. Usiogope. Hapa ni kwenu, ukuje wakati unataka, nimekuruhusu.

Éphraïm akaangalia ile kakao ya baba yake, sasa ya ruhusa, mu mukono yake. Akaitema ile mbegu, akaweka kakao chini, ku mizizi ya muti, nusu moja juu ya nusu ingine, sawa bado haijapasuka. Kisha akageuka, akaenda ku pikipiki.